Muulize Anti: Mteja wangu karudi tena kwa mumewe, nimekosea wapi?

Mwezi huu nilitegemea barua za wachumba na mawifi kama kawaida, kumbe zimejaa za washauri nasaha wenyewe. Nadhani ni kwa sababu toleo lililopita niliandika kidogo kuhusu ukatili wa majumbani, basi wenzangu wa kazi wakaona mlango umefunguka. Sawa tu. Nimechagua barua tano, nimezikata zilipokuwa ndefu na nimetoa kila kitu cha kumtambulisha mtu.

Swali: *Anti shikamoo. Mi ni mshauri, nina mwaka na kidogo kazini. Nina mteja anapigwa na mumewe, kashatoka nyumbani mara tatu na mara tatu zote karudi. Hii ya mwisho nilihangaika nikamtafutia mpaka pa kulala, nikamwandikia rufaa, kila kitu, siku ya nne ananipigia anasema amerudi, mume kapiga magoti kalia. Anti niliishiwa, nikajikuta nimemwambia "sasa wewe hasa unataka nini?" Akakata simu. Wiki ya tano hii hajaja. Nimekosea wapi na sasa nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Ulipokosea umeshapataja mwenyewe, ni yale maneno matano. Ebu yasome tena kwa sauti halafu jiulize huyo mama ameyasikia wapi kabla yako. Ameyasikia nyumbani kila siku, na huko anaulizwa kwa ukali zaidi. Yani sehemu moja tu duniani ambayo sauti ilikuwa tofauti, nayo siku hiyo ikafanana na ile ya nyumbani. Sikulaumu manake na mi nimewahi kusema mabaya kuliko hayo, miaka yangu ya mwanzo, nilidhani ushauri ni kumshika mtu mkono na kumvuta nje ya nyumba inayoungua.

Kurudi sio ujinga na mara nyingi sio hata mapenzi peke yake, kuna hela, kuna watoto, kuna ndugu wanaosema vumilia, kuna vitisho vya "ukiondoka nakumaliza", na kuna kitu washauri wengi hatupendi kukikubali, kwamba wakati mwingine yeye anajua kuliko sisi ni wapi kuna hatari zaidi, ndani au nje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanasaikolojia Mmarekani Lenore Walker aliandika mwaka 1979 kuhusu mzunguko, kwanza hasira inajikusanya nyumba nzima inatembea kwa vidole, alafu kipigo, alafu kipindi cha machozi na ahadi na zawadi, kisha inaanza upya. Hayo magoti aliyoyaona mteja wako ndo hicho kipindi cha tatu. Lakini usiende nao kama msahafu, kuna wateja wangu ambao hawajawahi kuombwa msamaha hata siku moja, kwao baada ya kipigo kunakuja kimya tu cha wiki mbili, ukimlazimishia mzunguko wa kitabuni ataona humsikilizi.

Sasa cha msingi. Mtu anayeishi kwenye ukatili ameshanyang'anywa maamuzi, avae nini, ampigie nani, hela iende wapi. Wewe ukija na mpango wako mzuri, sehemu ya kulala umetafuta wewe, barua umeandika wewe, siku ya kuondoka umepanga wewe, basi amebadilisha bosi tu. Ndo maana mi naanza na vitu vidogo ambavyo mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaviona vya kipuuzi, nauliza unapenda ukae kiti kipi, tufunge mlango au tuuache wazi kidogo, leo tuanzie wapi. Kuna mama mmoja nilimuuliza kuhusu kiti akasimama katikati ya chumba kama dakika nzima anaviangalia vile viti viwili, mwisho akaniambia "sijui, nikae wapi?" Hapo nilijifunza habari za ndoa yake kuliko ningejifunza kwa kujaza fomu.

Kuhusu kumtafuta, usimpigie ovyo na usitume meseji ya "vipi, upo salama?" kwa sababu hujui simu kaishika nani. Kama mlikubaliana njia salama ya kuwasiliana tumia hiyo. Kama hamkukubaliana (na hilo liwe somo, inaulizwa kikao cha kwanza kabisa) basi inabidi usubiri, na najua inauma. Akipiga siku yoyote, kitu cha kwanza kabla hata ya salamu ndefu: "upo sehemu unaweza kuongea?" Cha pili: "nilikosea kukuuliza vile, naomba radhi, nimefurahi umepiga." Basi, usianze kujieleza ulivyokuwa umechoka.

Na akija bado anaishi nae, fanyeni mpango wa usalama wa kuishi hapohapo, wengi wanadhani mpango wa usalama ni wa kuondoka tu. Ugomvi ukianza asogee upande gani, sio jikoni kwenye visu na sio bafuni kusiko na mlango wa pili. Watoto wafundishwe kutoka nje na kwenda kwa mtu fulani, wasiingie katikati. Neno moja la siri ambalo akilisema kwenye simu dada yake anaelewa aite msaada. Vyeti na vitambulisho vikae wapi, nakala ziwe kwa nani. Na badala ya kumuuliza kwa nini huondoki, muulize "usiku ule ulifanyaje mpaka ukapona?" Utashangaa, ana mbinu nyingi tayari, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hizo ni akili.

Swali: *Anti, nina kesi ya wanandoa. Mke alikuja peke yake mara mbili akasema anapigwa, sasa mume kanipigia mwenyewe, mstaarabu kweli, anaomba waje pamoja wasuluhishwe, na familia za pande zote zinataka hivyo. Niwaweke kikao kimoja?*

Hapana.

Naona unategemea maelezo marefu lakini kwa kweli hapa mi sina "inategemea". Kikao cha wanandoa kinafanya kazi pale ambapo wote wawili wanaweza kusema kitu na kisha wakarudi nyumbani salama. Huyu mama akisema ukweli mbele yako atalipia njiani, akinyamaza wewe utaandika kwamba ndoa inaendelea vizuri. Na ukishakaa nao wote ukaanza "kila mmoja aseme anachangia nini kwenye tatizo", umeshamwambia mpigwa kwamba na yeye ana hisa kwenye ngumi. Mkataba wa nchi za Ulaya kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, ule uliosainiwa Istanbul mwaka 2011, kifungu cha 48 unakataza kabisa usuluhishi wa lazima kwenye kesi za namna hii, na waliouandika hawakuwa watu wasiopenda ndoa.

Alafu na wewe, mume kajuaje namba yako? Na kajuaje kama mke anakuja kwako? Kama mke hakumwambia, basi kuna simu inapekuliwa, au kuna mtu anafuatwa. Ukipokea simu yake jibu moja tu, kwamba huongelei nani anakuja ofisini kwako na nani haji, kwa mtu yeyote, hata angekuwa waziri. Usikubali wala usikatae kwamba unamfahamu mke. Na ustaarabu wake usikupumbaze, wengi wao ni watu wa kupendwa sana mtaani, nyumbani ndo wengine. Akitaka kweli kubadilika atafutiwe mshauri wake mwenyewe, tofauti na wewe, na kazi huko iwe juu ya ukatili wake, sio juu ya "hasira", manake bosi wake akimkera ofisini hampigi, kwa hiyo hasira anaziweza vizuri tu.

Swali: *Naomba kujua dalili za kwamba mteja anaweza kuuawa. Juzi nimeona kwenye habari mama kauawa na nimekosa usingizi, nawaza wateja wangu wote kumi na mbili, nani anafuata.*

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii usiku badala ya asubuhi.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho. Mama alikuja kavaa skafu, ametulia kabisa, anaongea mambo ya ada za watoto. Sauti ilikuwa ya kukwaruza nikadhani ana mafua. Nikampa maji. Alichukua funda dogo, akalishikilia mdomoni, akafumba macho kwanza ndipo akameza, kama mtu anayemeza kitu kikavu. Nikauliza, "kuna mtu amekushika shingo?" Akaniambia "alinishika tu." Aliposogeza skafu hakukuwa na alama hata moja. Ila kwenye weupe wa jicho la kushoto kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama vimechomwa na sindano.

Kukabwa koo ndo swali ambalo washauri wengi hawaulizi na ndilo la kuuliza. Usitumie neno kubwa la kunyongwa, wengi watakwambia hapana manake kwao kunyongwa ni mtu aliyekufa. Uliza "amewahi kukushika shingo, kukukaba, kukubana pumzi?" Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa na huyohuyo. Na mwili wenyewe unadanganya, nje kunaweza kuwa hamna alama kabisa huku ndani mshipa wa damu umeumia, mtu akapata kiharusi siku kadhaa baadae. Kwa hiyo sauti iliyobadilika, kumeza kwa shida, vidoa kwenye macho, kuzimia hata sekunde chache, kujikojolea wakati wa tukio, hapo kikao kinasimama anaenda hospitali siku hiyohiyo, na unamweleza sababu ili achague akijua uzito wake.

Mengine ya kuangalia: kuna silaha ndani ya nyumba, ametishia kuua na yeye mteja anaamini kwamba anaweza kweli, anamfuatafuata, anamlazimisha tendo la ndoa, anampiga akiwa mjamzito, anatishia kujiua yeye mwenyewe, vipigo vimeongezeka ndani ya mwaka huu. Na wivu ule wa "kama sio wangu si wa mtu". Kubwa kuliko yote ni wakati, kipindi cha kuondoka na miezi ya mwanzo baada ya kuondoka ndicho hatari zaidi, ndo maana ile "ondoka tu leo" tunayoitoa kwa moyo mweupe inaweza kuwa ushauri mbaya kuliko wote. Anayeondoka anatakiwa aondoke kimyakimya, na mpango, bila kuaga na bila kumwambia mume "nimechoka naondoka Ijumaa".

Kuna dodoso la maswali 20 lililoanzishwa na muuguzi na mtafiti Jacquelyn Campbell miaka ya 1980, linatumika sehemu nyingi, jifunze kulitumia. Mi ninachokipenda zaidi humo sio hata maswali, ni kalenda. Unampa mteja kalenda ya mwaka uliopita na kalamu anaweka alama siku alizopigwa na ilikuwa kipigo cha aina gani. Mwanzoni atasema "ni mara mojamoja". Anaanza, sikukuu fulani, siku mtoto alipougua, mwisho wa mwezi ule. Wewe usiseme kitu. Nimekaa na watu wakaweka alama, wakarudi nyuma, wakaongeza, alafu wakaishika ile karatasi mbali kidogo na uso wakaiangalia tu. Akishaona mwenyewe kwamba miezi minne ya mwisho imejaa wino, huhitaji kumhubiria.

Ila sasa hiyo kalenda isiende nyumbani. Inabaki kwako.

Kuhusu wateja wako kumi na wawili, huwezi kujua nani anafuata na hakuna dodoso linalojua. Unachoweza ni kuhakikisha kila mmoja ameulizwa, na majibu yameandikwa, na wale wenye dalili nyingi umeongea nao wazi, "haya uliyoniambia yananitia hofu juu ya maisha yako", kwa maneno hayohayo. Wanawake wengi huwa wanapunguza hatari yao wanapotusimulia, wakiona mtu mwingine ameogopa kwa ajili yao ndo wanajiruhusu na wao kuogopa. Na mwanzo kabisa wa kazi yenu mwambie mipaka ya siri, kwamba kuna mambo ukiyasikia, maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto anaumizwa, sheria za nchi na taratibu za kazi yako zinaweza kukutaka utoe taarifa. Mwambie mtu hilo kabla hajamwaga moyo, sio baada.

Neno moja kuhusu kuandika manake kumbukumbu zako zinaweza kufika mahakamani. Andika maneno yake alivyoyasema, "mteja amesema mume wake alimpiga teke la tumbo mara mbili", usiandike "kuna mgogoro wa ndoa" na usiandike "mteja anadai". Hilo neno anadai limeharibu kesi za watu.

Swali: *Anti mi ni mwanaume, ni mshauri, na mteja wangu ni mwanaume mwenzangu anapigwa na mke. Nakiri kwamba alipoanza kusimulia nilitaka kucheka. Nimsaidieje?*

Afadhali umekiri. Kama kicheko kilionekana usoni muombe radhi, ataelewa, manake alikitegemea. Mengine ni yaleyale, msikilize, muamini, muulize anahitaji nini, angalieni usalama, muunganishe na msaada mwingine. Shirika la Afya Duniani liliweka hatua hizo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2014 kwa ajili ya wanawake lakini sioni hata moja ambayo mwanaume haihitaji. Tofauti yake kubwa ni aibu, atakuja na lugha ya kuzunguka, "mke wangu ana maneno", "tunapishana kidogo", na anaweza kumaliza vikao vitatu kabla hajakuonyesha mkono ulioungua. Kitu kimoja cha ziada, wapo wapigaji wanaokuja wa kwanza kujitangaza wao ndo wahanga, kwa hiyo kwa mteja yeyote wa jinsia yoyote uliza nani anamuogopa nani ndani ya nyumba ile. Mwenye hofu huwa anaishi kwa kupima maneno yake. Mwenye kuogopwa hasemi hivyo hata umuulize kwa njia kumi.

Swali: *Shikamoo Anti. Nawahudumia waathirika wa ukatili miaka sita sasa. Sijawahi kumwambia mtu kazini kwamba na mimi nilipigwa, ndoa yangu ya kwanza. Siku hizi mteja akisimulia naanza kusikia miguu yangu baridi, na usiku naenda kukagua mlango kama nimefunga, narudi kitandani, naenda tena. Mara tatu. Je nimeshakuwa mgonjwa, niache kazi?*

Marahaba mama. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotoka 2021 zaidi ya robo ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza wamepitia ukatili wake, kwa hiyo kwenye kila darasa la washauri wanawake wapo wengi tu wanaokaa kiti chako na waliwahi kukaa kile kingine. Haikuondolei sifa ya kufanya kazi. Wapo waliobobea kwa sababu hiyohiyo, wanasikia kitu kwenye sauti ya mteja kabla hajakisema.

Ila miguu baridi ni taarifa, usiidharau. Tunaita kiwewe cha kuambukizwa, mtu anasikia simulizi za watu mwaka baada ya mwaka mpaka mwili wake unaanza kuishi humo, na kwako kuna cha kuambukizwa na kuna cha kwako mwenyewe vimechanganyika. Punguza idadi ya kesi za ukatili kwa wiki, changanya na za aina nyingine. Kati ya mteja na mteja toka nje, nawa mikono, tembea hata dakika tano, usiunganishe tatu mfululizo kama watu wa dirisha la benki. Tafuta mshauri wako mwenyewe, asiwe mfanyakazi mwenzako. Wateja usiwasimulie ndoa yako, hata pale inapokuja mdomoni, manake wataanza kukuhurumia na watachuja wanachokwambia. Kuacha kazi usiamue ukiwa hujalala. Pumzika kwanza, hata wiki mbili, uone miguu inasemaje.

Na msimamizi wako mwambie wiki hii. Kama huwezi kuanzia kwenye ndoa usianzie huko, anzia kwenye mlango, mwambie unaenda mara tatu, kama ulivyoniandikia mimi.